Picha ya Bi Harusi Si Tangazo Letu



Siku hizi swali tunaloulizwa sana hapa chumbani kwetu pa kushonea si la kitambaa wala la bei. Ni hili: "Mkinishonea, mtanitia mtandaoni?" Wengine wanauliza kwa kuogopa, wengine wanauliza kwa kutaka. Na sote tunaoshona, tunaopamba, tunaopiga picha na tunaochora piko tunajua kwamba jibu la swali hilo lina pesa ndani yake. Ndiyo maana tumeona tulisemee hapa waziwazi.

Kwanza tuupe mtandao haki yake. Sisi tulimaliza skuli tukenda kozi ya ushoni wakati fundi anajulikana kwa mdomo tu. Ukishona gauni likapendeza, mtu anamuuliza mwenzake "nani kakushonea?", na hapo ndipo unapopata kazi ya pili. Ukiumwa miezi mitatu ushasahauliwa. Mitindo tulikuwa tukiitoa kwenye majarida yaliyokwisha kurasa au kalenda iliyoletwa na mtu kutoka Dubai, picha moja inazunguka kwa mafundi wanne mpaka inapasuka kwenye mikunjo. WhatsApp ilianza mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010, lakini kwetu zilishika khasa pale simu za kugusa zilipoteremka bei. Baada ya hapo fundi wa Ng'ambo akaweza kuonekana na mteja wa Wete, na mteja wa Wete akaonekana na muuza vitambaa wa Kariakoo bila ya kupanda boti.

Yupo mama mmoja tunayemjua aliyefiwa na mumewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hakutoka mlangoni bila ya dharura, na mabaibui yake yakaendelea kuuzika kwa simu, kijana wake anapeleka mizigo, watoto wanakula. Zamani mwanamke kama yule angesubiri huruma ya shemeji. Kuna wanaonyonyesha, kuna wenye wagonjwa ndani, kuna ambao waume zao hawapendi wakae sokoni. Wote hao simu imewafungulia duka bila ya kulipa kodi ya fremu. Anayesema mitandao yote ni shari, huyo hajawahi kutafuta pesa ya mafuta ya kupikia akiwa amejifungia ndani.

Na jamaa zetu walioko Maskati ndio usiseme. Bi harusi yuko kule, gauni linashonwa huku. Tunapigiana simu ya video, mdogo wake ameshika futi kamba, sisi tunamwelekeza: kifua, kiuno, nyonga, urefu kutoka begani mpaka kisigino na viatu vikiwa mguuni (hili la viatu wengi husahau, gauni likifika linapwaya chini kama limeazimwa). Mtu anayesafiri anabeba, siku ya tatu linavaliwa. Hii ni neema, tuishukuru.

Hasara ndogondogo tutazipita haraka kwa sababu kila mtu anazijua. Wako wanaoiba picha za kazi zetu wakaandika "kazi ya mikono yangu". Wako wanaotia gauni la Morocco, wakapokea kianzio, wakakuletea kitu kama pazia. Kuna wateja wanaouliza bei saa nane usiku wakaona umechelewa kujibu. Halafu kuna kutegemea mlango mmoja. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, kwa hiyo vitatu hivyo vina mwenyewe mmoja, na tarehe 4 Oktoba 2021 vilizimika vyote pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na vipimo vyote vya wateja ndani ya WhatsApp siku ile alijua thamani ya daftari. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa Tanzania kwa siku kadhaa, tukajua tena. Dada mwenye biashara, nunua daftari lenye jalada gumu, andika vipimo kwa kalamu.

Linalotukera sisi ni mlango wa ukumbi wa harusi.

Kwetu harusi ya wanawake ina mlango. Wanaume wanakwenda kuozesha msikitini, na wanawake wanakuwa na siku yao. Ukiingia unavua baibui unalikunja unalitia mkobani, na ndani unakuta nywele zimesukwa na kutengenezwa, mikono wazi, vikuba vifuani, asumini kichwani, harufu ya udi mpaka nje. Bi harusi anatolewa, nyimbo zinaimbwa, bibi wa miaka sabini anainuka kutunza na anacheza kama hana magoti. Siku nzima tumejisitiri, na pale tunajistarehesha miongoni mwetu. Mlangoni anakaa mama mkali mmoja, shangazi au jirani, na hata mtoto wa kiume akishapata kimo fulani anarudishwa. Si ukali wa bure. Suratun Nur, aya ya 31, imewataja wale ambao mwanamke anaweza kuwaonyesha pambo lake, mmoja mmoja: mume, baba, baba mkwe, wana, ndugu, na wanawake wenzake, na waliobaki. Soma orodha ile utakavyosoma, wafuasi elfu kumi hawamo.

Sasa mama mkali bado anakaa mlangoni, lakini kila anayempita ana dirisha mkobani.

Tunasimulia moja, bila ya majina wala mtaa. Bi harusi tuliyemshonea sisi alitolewa ukumbini, na mwalikwa mmoja akachukua video fupi, haifiki hata nusu dakika, akaitia kwenye stetasi yake. Hakuwa na ubaya. Alifurahi, gauni lilimpendeza, akaandika mashallah na mioyo mitatu. Kabla ya alfajiri video ilikuwa kwenye kundi la wanaume, na watu wakaanza kuulizana ni harusi ya nani. Bi harusi alikasirika, mama yake akalia, yakaisha. Lakini aliyeumia zaidi hakuwa bi harusi. Nyuma yake, pembeni ya video, alikuwa amekaa mwalimu wa madrasa. Alikuwa amevua mtandio kwa sababu ya joto, anajipepea kwa kadi ya mwaliko. Anaonekana kwa sekunde mbili tu. Wanafunzi wake wana kaka, na kaka wana simu. Tangu siku ile mwalimu yule haendi harusini. Anaalikwa, anatuma zawadi kwa mtoto, anabaki nyumbani.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema "bi harusi mwenyewe karidhia". Bi harusi anaweza kuridhia la kwake. Hawezi kuridhia la mwalimu. Hawezi kuridhia la wifi yake, wala la jirani aliyekuja na gauni la kuazima asilotaka lionekane, wala la mke wa mtu aliyefunguliwa gauni mgongoni kwa sababu ndani ni wanawake watupu. Ukumbi una watu mia mbili, na amana ni mia mbili. Video ya bi harusi peke yake ukumbini haipo, labda umsimamishe ukutani.

Na matokeo yake tunayaona kwa macho kwa sababu sisi ndio tunaoshona nguo hizo. Wateja wetu watu wazima sasa wanatuambia, "Nishonee la mikono mirefu, na mtandio wake, simu zimekuwa nyingi." Harusi ya wanawake, ndani ya ukumbi wa wanawake, na watu wamekaa wamejifunika kama wako kwenye daladala! Waliojichunga ndio wanaoondoka. Tukiendelea hivi ukumbi utabakia na wale wasiojali kuonekana, na bibi wa kututunzia hatakuwepo.

Kuna wanaojipa moyo kwamba stetasi inafutika baada ya saa 24. Inafutika kwako. Aliyekwisha kuihifadhi anayo. Kuna picha za kutazamwa mara moja tu, zilianza WhatsApp mwaka 2021, na simu inazuia isipigwe skrinshoti. Haizuii simu ya pili iliyoshikwa juu yake. Tangu mwaka 2019 ujumbe husambazwa kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na watu wakaona hiyo ni kinga. Piga hesabu: watano kila mmoja akiwapa watano ni 25, na hao wakitoa tena ni 125. Kisiwa chetu ni kidogo, katika hao 125 hukosi mkwe.

Sasa tuseme la pesa, ambalo ndilo tunaloepuka tukikutana mafundi. Picha ya gauni likiwa limevaliwa na bi harusi mzuri inaleta wateja kuliko picha ya gauni limetundikwa. Ni kweli, wala hatulikatai. Kwa ajili hiyo baadhi ya wenzetu, washoni, wapambaji wa uso na wapambaji wa jukwaa, wana punguzo: "Ukiniruhusu nikutie ukurasani, nakutolea kiasi fulani." Linasikika kama ihsani. Lakini angalia nani analikubali. Binti wa tajiri analipa kamili na anasema sitaki picha, akaheshimiwa. Binti wa mvuvi, ambaye baba yake amekopa ya ukumbi na mama yake ameuza bangili, anakubali kwa sababu tofauti ile ya bei ndiyo nauli ya wageni kutoka Pemba. Basi kurasa zetu zimejaa nyuso za mabinti wasio na uwezo, na wenye uwezo wamesitirika. Tumeifanya stara kuwa kitu cha kununuliwa. Hili sisi tunaliona ni dhulma, hata kama binti ametia saini, na hata kama ameshukuru.

Hapa kwetu hatutoi punguzo la picha. Bei ya gauni ni bei ya gauni, na tukitaka kumpunguzia mtu tunampunguzia kwa sababu tumemwonea imani. Tunachotia mtandaoni ni kazi: gauni kwenye sanamu, upindo kwa karibu, shanga zinavyoshonwa, mkono wa lesi umewekwa juu ya meza. Tunatia video ya cherahani na sauti yake. Tumepoteza wateja kwa hilo? Ndiyo, wako wanaopita ukurasani wakaona hakuna uso wakaenda kwengine. Wanaokuja, wanakuja na mama zao, na mama akishakuamini analeta mabinti wote wanne.

Dada unayetaka picha zako zionekane, hatukuhukumu. Hukumu ya sharia kaulize kwa wanaojua, sisi ni washoni. Tunachokuomba ni kwamba picha yako hiyo ipigwe chumbani au bustanini, ukiwa peke yako, kabla ya ukumbi kujaa, na uitie wewe mwenyewe kwa mkono wako, siku ambayo shamrashamra zimekwisha na akili imetulia. Mtu akiwa na hina mbichi mkononi na watu ishirini wanamwita, anasema ndiyo kwa kila kitu.

Na wewe usiyetaka, usidhani umemaliza ukishakodi mpigapicha mwanamke. Muulize: picha anazisafisha nani? Mara nyingi dada anapiga, kisha kadi anaipeleka kwa kijana mwenye kompyuta, na kijana ndiye anayekaa na nywele zako wiki mbili akipunguza mwanga. Muulize albamu inachapwa wapi na nani anasimama kwenye mashine. Muulize kadi itafutwa lini, na ufutaji ufanywe mbele yako au mbele ya dada yako. Muulize simu yake inajihifadhia picha wenyewe kwenye akaunti ya intaneti, na akaunti hiyo anaijua nani mwengine, kwani wako wanaotumia akaunti moja na mume au mtoto. Hata simu yako wewe, ikivunjika kioo ukaipeleka kwa fundi, picha zinakwenda nayo. Andikeni makubaliano, hata karatasi moja ya mkono. Fundi mzuri hachukii kuulizwa.

Huko mbele tunaona mambo mawili, na yote yameshabisha hodi.

La kwanza ni akili mnemba. Kwetu sisi liliingia kwa mlango wa kuchekesha: bi harusi analeta picha ya gauni, tunalitazama, halina mshono. Halina zipu, halina mahali pa kuingilia. Ua la lesi mkono wa kulia ni jengine na mkono wa kushoto ni jengine, na shela inatoka shingoni. Gauni halijawahi kuwepo, limechorwa na mashine. Tunacheka, kisha tunampimia linaloweza kushonwa. Lakini mashine hiyohiyo inaweza kuchukua uso kutoka picha moja ya harusi ikauweka juu ya mwili usio wako. Zamani aliyetaka kumtia mtu aibu alihitaji kumkuta na kosa. Sasa anahitaji uso ulio wazi wenye mwanga mzuri, na picha ya bi harusi ndiyo uso wenye mwanga mzuri kuliko zote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na mwenye kufanyiwa uovu asione haya kwenda polisi na mtu wake wa karibu. Ila sheria inakuja baada ya picha kutoka.

Na msidhani kutotaja jina kunatosha. Facebook ilikuwa na mashine ya kutambua nyuso kwenye picha. Ilipoamua kuizima, Novemba 2021, ilisema itafuta alama za nyuso za watu zaidi ya bilioni moja. Bilioni! Hiyo ni kampuni moja tu, na ujuzi wenyewe haukufutwa duniani.

La pili ni watoto wetu. Australia imepitisha sheria ya kuzuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti za mitandao ya kijamii, na ilianza kufanya kazi tarehe 10 Disemba 2025. Kwetu hapa hatujui kama serikali yoyote itawahi kwenda huko, na kwa kweli hatusubiri. Mabinti wa miaka kumi na mbili wanaokuja kupimwa sare za harusi wanajua kusimama mbele ya kamera kabla ya kujua kupindua upindo. Wanatuomba tuwashonee nguo "itakayotoka vizuri kwenye picha". Huwa tunawauliza: inakubana? inawasha? unaweza kukaa nayo ukala pilau? Wanatukodolea macho kama tumesema Kichina.

Tuje kwenye la kufanya, kwani mwezi ujao kuna harusi nyingi.

Simu zikae mlangoni. Si bango la "picha haziruhusiwi", bango halijamzuia mtu. Tumeona familia zinazofanya vizuri: vifuko vya kitambaa vyenye namba, mwalikwa anapewa kibati chenye namba hiyohiyo, simu inazimwa sauti inatiwa, na msichana mmoja anayelipwa anakaa nazo mpaka mwisho. Vifuko tunashona sisi kwa mabaki ya vitambaa, havina gharama ya kutisha. Mama wa bi harusi autangulize wake mbele ya watu, na mama wa bwana harusi vilevile, maana wakipita wao wawili na simu mkononi basi kazi imeharibika. Iandikwe kwenye kadi mapema ili mtu asije akakasirikia mlangoni akiwa ameshavaa.

Kuna ugomvi mmoja wa haki kabisa: wenye watoto wachanga na wazee wagonjwa nyumbani. Hawawezi kukaa saa nne bila ya kupatikana, na ukiwanyang'anya simu hawatakuja. Kwa hao iwekwe simu moja ya kitochi, isiyo na kamera, mkononi mwa somo au shangazi anayekaa mlangoni, na namba yake ichapwe chini ya kadi ya mwaliko. Yaya akipiga, shangazi anaingia ukumbini anamwita mama wa mtoto kwa jina. Taarab ikiwa juu itabidi amfuate mpaka kwenye kiti chake, kwa hiyo achaguliwe shangazi anayewajua watu, na avae viatu vya chini.